Printa ya nyumbani isiyo na waya: hesabu ya wino kwanza, Wi-Fi baadaye

Mnunuzi wa printa ya nyumbani huingia dukani na maswali mawili: inatoa rangi, na inaunganika na simu? Muuzaji anajibu ndiyo kwa yote mawili, na anasema kweli, maana mashine nyingi za siku hizi zinachapa, zinaskani, zinatoa kopi na zina Wi-Fi. Kinachobaki kumchanganya mnunuzi ni bei. Kwenye rafu ileile moja inauzwa robo ya bei ya nyingine, na kwa macho huoni tofauti. Basi anachukua ya bei nafuu. Baada ya miezi miwili anarudi kutafuta wino, anatajiwa bei, anaduwaa.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama utaifurahia printa yako au itageuka mzigo juu ya kabati: namna inavyohifadhi wino wake, na namna inavyoongea na simu yako. Nitaanza na wino, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi inakopotelea.

Katriji, tangi na tona

Mashine za bei ya chini kabisa hutumia katriji, yaani vikasha vidogo vya wino, kwa kawaida viwili: kimoja cheusi, kingine chenye rangi tatu ndani yake. Mtengenezaji anaiuza mashine yenyewe kwa faida ndogo, kisha anarudisha fedha yake kwenye katriji utakazonunua miaka yote inayofuata. Chukua katriji ya HP 305, inayotumika kwenye DeskJet 2320 na 2720. HP yenyewe inakadiria kurasa 120 kwa nyeusi na 100 kwa ya rangi. Rimu ya karatasi ina karatasi 500, kwa hiyo kuimaliza kwa upande mmoja tu utahitaji katriji nyeusi zaidi ya nne. Ipo 305XL yenye wino mwingi zaidi, lakini nayo ni kurasa 240 tu.

Na kurasa hizo 120 si za kazi yoyote ile. Wazalishaji hupima kwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 24711, wakitumia kurasa maalum za majaribio zinazochapwa mfululizo. Nyumbani hatuchapi hivyo. Unachapa kurasa mbili leo, unakaa siku tisa, unachapa tatu, na kila mashine inapoamka hutumia wino kidogo kujisafisha. Ukichapa picha ya ukurasa mzima ndiyo kabisa, inakunywa wino wa kurasa nyingi za maandishi kwa mpigo mmoja. Na ile katriji ya rangi tatu ina ubaya wake: bluu ikiisha, njano na nyekundu zilizobaki unazitupa.

Printa za tangi zilitokana na hasira hiyohiyo ya wateja. Nchini Indonesia mafundi walikuwa wakitoboa printa za katriji na kuzifungia matangi ya nje yenye mipira ya kupitishia wino, na watu wakazipenda. Mwaka 2010 Epson ikaamua kuuza hukohuko Indonesia printa yenye tangi lililotoka kiwandani. Wengine wakafuata: Canon na mfululizo wake wa PIXMA G, HP na Smart Tank, Brother na DCP-T. Leo ndizo utakazozikuta kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi.

Chupa ya wino mweusi aina ya 103, inayoingia kwenye Epson L3250, ina mililita 65 na inakadiriwa kutoa kurasa 4,500. Chupa tatu za rangi kwa pamoja zinakadiriwa kurasa 7,500. Familia inayochapa kurasa 60 za mweusi kwa mwezi itamaliza katriji ya HP 305 kila baada ya miezi miwili. Chupa hiyo ya 103 ingewachukua zaidi ya miaka sita. Kwa kweli haitafika, kwa sababu ya kujisafisha nilikokutaja na kwa sababu chupa za kwanza hutumika pia kujaza mipira ya ndani, ila hata ukikata nusu bado hakuna mashindano.

Fanya hesabu hii dukani, kwenye simu, kabla ya kutoa pochi: bei ya wino gawanya kwa kurasa zilizoandikwa kwenye boksi. Tuseme katriji ni shilingi 40,000 za Tanzania. Kwa kurasa 120 kila ukurasa unakula wino wa shilingi 333. Tuseme chupa ni 36,000. Kwa kurasa 4,500 ni shilingi 8. Halafu linganisha na steshenari ya mtaani kwenu. Kama wanachapa ukurasa kwa 200, mwenye printa ya katriji anachapa nyumbani kwake kwa bei ya juu kuliko dukani, na umeme na karatasi bado hajahesabu. Weka bei halisi za siku hiyo. Mpangilio wa matokeo hautabadilika.

Katriji ina sifa moja ninayoiheshimu. Katika mashine nyingi ndogo za HP na Canon, kichwa cha kuchapia, kile chenye vitundu vidogo vinavyorusha wino, kimo ndani ya katriji yenyewe. Wino ukikaukia humo, unanunua katriji mpya na umepata kichwa kipya. Kwenye nyingi za printa za tangi kichwa ni sehemu ya mashine. Kikiziba vibaya, bei ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei ya printa nyingine. Kwa hiyo tangi ni la mtu anayechapa mara kwa mara, walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Nyumba yenye wanafunzi inatimiza sharti hilo bila kujua. Wazazi wa Kenya wanalifahamu vizuri tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, kazi za watoto zikawa zinawapeleka saiba, yaani maduka ya intaneti, jioni baada ya jioni kuchapa picha na kurasa za mazoezi.

Anayechapa kwa nadra, na mweusi tu, mathalani barua ya maombi ya kazi, mkataba wa pango, fomu ya mara moja kwa miezi miwili, asinunue tangi wala katriji. Anunue leza ya rangi moja. Leza hutumia tona badala ya wino, na tona ni unga mkavu, hauna cha kukauka. Unaweza kuiacha leza miezi sita na ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Katriji ya tona kama Canon 725 inakadiriwa kurasa 1,600. Maandishi yake ni makali na hayavuji maji yakimwagika. Kasoro yake ni umeme: ndani mna roli linalopashwa joto hadi karibu nyuzi 200 ili unga uyeyukie karatasini, na wakati huo mashine huvuta mamia ya wati kwa kishindo. Printa ya tangi huchapa kwa wati kumi na kitu. Kama nyumba yako inaendeshwa na sola ndogo au unategemea UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, leza itaiangusha, na wazalishaji wenyewe wanakataza kuichomeka kwenye UPS.

Kuhusu maji, wino wa tangi nao hutofautiana. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka kabisa majini na kuna wa chembechembe zinazokaa juu ya karatasi. Wa kwanza hupendeza kwenye picha, lakini ukiupitisha kidole chenye jasho au kalamu ya kupigia mstari wa njano, maandishi yanatapakaa. Mweusi wa 103 ni wa aina hiyo ya kwanza. Canon G na HP Smart Tank hutumia mweusi wa chembechembe, na Epson nayo inao kwenye L4260 iliyo juu kidogo ya L3250. Mwenye kuchapa mikataba, vyeti na ankara aangalie hilo kabla ya kuangalia kasi au umbo.

Umeme wa ukutani na kitufe cha kuzimia

Hili ni dogo na ndilo linaloua printa nyingi za wino kwetu. Watu huzima printa kwa swichi ya ukutani, kama wanavyozima televisheni. Printa ya wino ikizimwa kwa kitufe chake, hurudisha kichwa pembeni na kukifunika kwa mpira ili kisikauke. Ukikata umeme ghafla wakati inachapa, kichwa kinabaki wazi katikati ya njia, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa wiki moja inatosha kuanza kuziba. Umeme ukikatika wenyewe katikati ya kazi, ukirudi tu iwashe, iache itulie, kisha izime kwa kitufe. Ifunike kitambaa isipotumika, hasa zile zinazolishwa karatasi kwa nyuma, kwa kuwa mdomo wake huwa wazi juu na vumbi huingia moja kwa moja.

Kila inapojisafisha, wino unaotemwa huingia kwenye sponji iliyo ndani. Sponji ikijaa, mashine inagoma na taa zinamulika pamoja. Wengi hudhani imekufa. Haijafa, fundi anabadilisha sponji na kufuta hesabu ya ndani, kazi ya muda mfupi. Usikubali afute hesabu bila kubadilisha sponji, maana wino utakuja kumwagikia mezani. Baadhi ya mashine za bei ya juu zina kisanduku cha wino huo ambacho unakitoa na kuweka kingine mwenyewe.

Wi-Fi: inachofanya na isichofanya

Kuchapa kwa Wi-Fi hakuli bando. Hili halieleweki na linawafanya watu wengi wanunue printa ya waya bila sababu. Simu yako na printa vinakutana kwenye ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi ndani ya nyumba, na faili linatoka simu kwenda ruta kwenda printa bila kugusa intaneti. Bando likiisha saa tatu usiku na mtoto ana kazi ya kesho, utachapa vilevile, mradi faili tayari limeshushwa kwenye simu. Intaneti inahitajika kwa mambo mengine: kushusha programu ya printa siku ya kwanza, kuchapa ukiwa mbali na nyumbani, na baadhi ya huduma za mtengenezaji.

Kati ya huduma hizo, moja ichunguze kwa makini. HP ina mpango unaoitwa HP+, kwenye mashine ambazo namba yake huishia na herufi e. Ukijiunga nao printa inatakiwa iwe na intaneti wakati wote na itumie wino halisi wa HP tu. Katika nyumba inayoishi kwa bando la siku, sharti hilo halikufai. Hata nje ya mpango huo, printa nyingi za katriji za HP husoma chipu iliyo kwenye katriji, na sasisho la programu linaweza kuikataa ile ya kampuni nyingine iliyokuwa ikifanya kazi jana. Imeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo. Isome.

Huna ruta? Wi-Fi Direct ndiyo jibu. Printa inarusha mtandao wake yenyewe, jina lake mara nyingi huanza na neno DIRECT, na simu inajiunga nao kama inavyojiunga na mtandao mwingine wowote. Ukimaliza unaukata. Usumbufu wake ni kwamba simu inaweza kulalamika kuwa mtandao huo hauna intaneti na kuruka kurudi kwenye data, iambie ibaki. Njia nyingine ni kuwasha hotspoti kwenye simu moja na kuunganisha printa humo. Inafanya kazi, ila ukibadilisha simu au neno la siri unaanza upya, na siku mwenye hotspoti hayupo nyumbani hakuna anayechapa. Nyumba yenye watu zaidi ya wawili wanaochapa inahitaji ruta, hata iwe ile ndogo ya mfukoni.

Mahali ambapo watu hukwama siku ya kwanza ni kwenye masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha masafa mawili, 2.4 na 5 GHz. Printa nyingi za nyumbani zinasikia 2.4 tu. Simu ikiwa kwenye 5 na programu inajaribu kuipa printa mtandao huohuo, printa haiuoni na programu inakuambia imeshindwa, bila kueleza. Ihamishe simu kwenye 2.4 kwa muda wa kuunganisha; baadaye unaweza kuirudisha, kwa sababu masafa yote mawili kwa kawaida yanakutana ndani ya ruta. Usiweke printa kwenye mtandao wa wageni wa ruta yako: mtandao huo umetengenezwa makusudi vifaa visionane. Na kama umeweka ulinzi wa WPA3 pekee, printa kadhaa, hasa za zamani, hazitaingia. Chagua WPA2 au mchanganyiko wa zote mbili.

Tatizo lingine huja wiki kadhaa baadaye. Printa iliyokuwa ikichapa vizuri kutoka kwenye kompyuta inaandikwa kuwa haipo hewani, na taa yake ya Wi-Fi inawaka vizuri tu. Mara nyingi umeme ulikatika, ruta ikawaka upya na kuipa printa anwani tofauti, wakati kompyuta bado inagonga mlango wa anwani ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uiwekee printa anwani ya kudumu. Ukiwa na mgao wa umeme wa mara kwa mara, hatua hiyo itakuondolea nusu ya malalamiko.

Kwenye simu, tafuta maneno mawili kwenye boksi: AirPrint kwa iPhone na Mopria kwa Android. AirPrint ilikuja mwaka 2010. Mopria ni umoja ulioanzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox ili simu ichape bila kuhitaji programu ya kila kampuni. Printa yenye alama hizo huonekana yenyewe ukibonyeza kuchapa. Isiyo nazo itakulazimisha kutumia programu ya mtengenezaji, ambayo inaweza kuwa nzuri leo na ikaachwa kuhudumiwa miaka mitano ijayo.

Herufi za mwisho kwenye jina

Sokoni mashine mbili zinazofanana sura na bei zinaweza kutofautiana kwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo Wi-Fi. Epson L3210 haina, L3250 inayo. Canon G2420 haina, G3420 inayo. HP Laser MFP 135a ni ya waya, 135w ni ya hewani. Kwa Brother, W ni Wi-Fi na D ni kuchapa mbele na nyuma bila wewe kugeuza karatasi, kwa hiyo DCP-T720DW ina vyote viwili na DCP-T520W ina kimoja. Kuwa macho na N: inamaanisha mtandao wa kebo, haimaanishi Wi-Fi. Canon MF3010, leza ngumu na nzuri ya kazi, ina USB pekee. Muuzaji akikuambia ina Wi-Fi, mwombe aiwashe akuonyeshe.

Kuhusu skana sina mengi. Kwa kitambulisho, cheti au hati ya kiwanja, dpi (nukta kwa kila inchi) 300 zinatosha, na kila mashine niliyoitaja inazipita. Usilipie tarakimu kubwa zaidi. Kitu cha kulipia, ikiwa unaskani mikataba ya kurasa ishirini, ni kile kilisho cha juu kinachovuta karatasi moja baada ya nyingine. Bila hicho utafungua na kufunga kifuniko mara ishirini. Uliza pia kama skana inafanya kazi wino ukiisha, kwa sababu zipo mashine zinazogoma kila kitu hata kazi isiyohitaji tone la wino.

Siku ya kununua

Printa ya mtumba kutoka Ulaya au Uarabuni inaweza kufaa. Ya kutoka Marekani itazame mara mbili. Nyingi za wino hupokea volti 100 hadi 240 na utaona tarakimu hizo nyuma yake. Leza ya Marekani mara nyingi ni ya volti 110 tu, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 220 hadi 240 umeichoma. Katriji nazo huuzwa kwa kanda: ndugu anayekuletea printa kutoka Toronto anakuletea mashine ambayo wino wake huenda haupo Arusha. Kabla ya kulipa, nenda maduka mawili mengine uulize kama wana wino wa namba hiyo. Wakiujua kwa jina na wanao kwenye rafu, nunua.

Wino bandia umejaa, na kwenye tangi hakuna chipu ya kukulinda. Chupa yenye bei ya theluthi ya kawaida, lebo yenye herufi zilizofifia au muhuri wa kifuniko uliolegea, iache. Wino mbaya huziba kichwa, na gharama ya kichwa umeshaisikia.

Kama ni ya tangi, usikubali muuzaji aijaze wino dukani halafu uipakie kwenye bodaboda. Ikilala ubavu wino huingia kwenye mipira ya hewa na mashine inaanza maisha na tatizo. Iwashwe dukani bila wino uone taa na skana, pokea risiti yenye namba ya mashine kwa ajili ya dhamana, ibebe ikiwa wima, kisha ijaze nyumbani mezani palipo sawa. Ikianza kuvuta wino mara ya kwanza itachukua dakika kadhaa ikinguruma. Katika dakika hizo usiguse kitufe wala swichi ya ukutani, na kama umeme wenu una tabia ya kukatika jioni, fanya kazi hiyo asubuhi.